Somo la Historia: Baiskeli, Barabara, na Kumbukumbu ya Waliofia Njiani

 Natumaini mwenyekiti wa kikundi amekwisha kuwakalisha watu, na karani ana daftari na kalamu mkononi, maana leo daftari hilo litakuwa na kazi.

Katika somo lililopita tulizungumza habari za reli iliyotoka Tabora ikapita Shinyanga na kufika Mwanza mwaka 1928. Baada ya somo lile tulipata barua kutoka kikundi kimoja cha upande wa Tinde. Waliuliza mambo mawili. La kwanza, mbona tunawafundisha habari za reli, na watemi, na vyama vya ushirika, lakini hatuwafundishi habari za baiskeli, hali baiskeli ndiyo iliyowalea? La pili, wenzao wanaogongwa barabarani wakiwa juu ya baiskeli huzikwa, matanga huanuliwa, kisha yakaisha. Je, nchi nyingine huwakumbuka watu wa namna hiyo, na kwa njia gani?

Barua hiyo niliisoma mara mbili. Nitawaeleza baadaye kwa nini.

Nianze na swali la kwanza. Baiskeli haikuenea Usukumani kama kitu cha mchezo. Ilienea kwa nguvu ya pamba. Baada ya Vita Kuu ya Pili wakulima wa lililokuwa Jimbo la Ziwa walipanua mashamba ya pamba mwaka hata mwaka. Manung'uniko yao juu ya mizani ya wanunuzi yakawafanya waunde vyama vyao wenyewe, chini ya uongozi wa Bwana Paul Bomani, na mwaka 1955 vyama hivyo vikawa na shirikisho moja kubwa, Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria. Basi mkulima aliyekwisha kuuza pamba yake na kushika fedha mkononi alikuwa na mambo ya kuchagua. Aongeze ng'ombe? Aezeke nyumba kwa bati? Au anunue baiskeli? Waulizeni wazee wenu watawaambia kwamba wengi walitamani vyote vitatu, na kwamba baiskeli mara nyingi ilitangulia bati.

Baiskeli zile za kwanza zilikuwa Raleigh kutoka Nottingham, na BSA na Hercules kutoka Birmingham, katika Uingereza. Baadaye zikaja Phoenix kutoka China. Katika miaka ya 1970 na 1980 tukawa na baiskeli yetu wenyewe iliyoitwa Swala, iliyotengenezwa na kiwanda cha taifa cha NABICO huko Dar es Salaam. Mtu mzima wa Shinyanga anaweza kukueleza tofauti ya fremu ya Raleigh na fremu ya Phoenix kama mfugaji anavyoeleza tofauti ya madume wawili.

Na baiskeli hiyo ilifanya kazi gani? Ilibeba gunia la pamba mpaka ghala la chama. Ilimbeba mgonjwa juu ya keria mpaka zahanati, mume akisukuma na shangazi akimshika mgonjwa asianguke. Ilibeba madumu ya maji, mkungu wa ndizi, bibi arusi, hata jeneza. Ilibeba siasa pia. TANU ilipopigwa marufuku katika Usukuma, tangu mwaka 1954 hadi 1958, mtu mwenye baiskeli aliweza kupeleka habari vijiji vitatu kwa siku moja, kwa njia za ng'ombe, pasipo kupanda basi ambamo kila abiria anajulikana.

Upande wa Geita baiskeli ilifuata dhahabu. Mgodi wa zamani wa Geita ulifanya kazi tangu miaka ya 1930 ukafungwa mwaka 1966. Mgodi mkubwa wa sasa ulianza mwaka 2000. Lakini baiskeli si chombo cha mgodi mkubwa. Ni chombo cha wachimbaji wadogo, wale wa Nyarugusu, Rwamgasa na Mgusu. Ndiyo inayobeba matimba ya kuegemeza kuta za duara, na viroba vya mawe kwenda kwenye karasha, na maji ya kuoshea mchanga wa dhahabu, na sufuria ya mama anayewapikia wachimbaji. Nimepata kuona baiskeli moja yenye matimba marefu yaliyofungwa ubavuni, mwenyewe akiisukuma kwa fimbo iliyofungwa kwenye usukani, nikadhani mti unatembea.

Tena iko kazi ya kubeba abiria. Ninyi nyote mnalijua neno bodaboda. Wengi hufikiri neno hilo lilizaliwa na pikipiki, kumbe lilizaliwa na baiskeli. Mpakani Busia, kati ya Kenya na Uganda, tangu miaka ya 1960, vijana walikuwa wakiwavusha watu kwa baiskeli kutoka kituo cha mpaka mmoja mpaka kituo cha mpaka wa pili, na wakiita abiria kwa neno la Kiingereza la mpaka. Kwetu Shinyanga mjini baiskeli ya abiria tuliiita daladala, kama basi dogo la Dar es Salaam. Mgeni akiambiwa asubiri daladala, kisha akaona inakuja baiskeli yenye mto laini juu ya keria, hucheka; lakini akipanda hufika.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa historia inageuka.

Barabara ya vumbi ilikuwa na taabu nyingi, lakini ilikuwa na rehema moja: lori halikuweza kukimbia. Lilikuja likilia na vumbi lake nyuma, mwenye baiskeli akalisikia tangu mbali, akashuka, akasimama majanini, akafunika pua mpaka lipite. Lami ilipokuja iliondoa mashimo, ikaondoa na muda ule wa kushuka. Barabara zetu zikawa njia ya mizigo ya mataifa. Malori yatokayo bandarini Dar es Salaam hupita Isaka na Kahama kwenda Rwanda na Burundi. Mwezi Juni mwaka 2025 lilifunguliwa daraja la Kigongo na Busisi, lenye urefu wa kilomita 3 juu ya maji ya Ziwa, na magari yaendayo Geita, ambayo zamani yalisimama kungoja kivuko, sasa hayasimami. Mimi ninafurahi kwa daraja hilo kama ninyi mnavyofurahi. Mgonjwa hafii tena foleni ya kivuko. Lakini mwenye baiskeli ya matimba naye yumo katika barabara hiyo hiyo.

Hebu fikirini namna ajali inavyotokea. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inataka gari liende kilomita 50 kwa saa mahali penye makazi ya watu, na inaweka kikomo cha 80 kwa malori na mabasi mahali pengine. Mwenye baiskeli iliyojaa mzigo huenda 10 au 12, na baiskeli yenye mzigo haiendi moja kwa moja; huyumba. Lori likipita karibu husukuma upepo, kisha huuvuta. Mwenye baiskeli akitaka kukwepa hukuta ukingo wa lami umekatika kama ngazi, bega la barabara liko chini. Gurudumu la mbele likishuka pale mzigo humwangusha, na mara nyingine humwangusha upande wa lami, si upande wa majani. Kukiwa na giza, na baiskeli haina taa wala kioo chekundu nyuma, dereva humwona mtu akiwa amekwisha mfikia. Hivyo si lazima awepo mtu mwovu ndipo mtu afe. Yatosha mwendo wa kupita kiasi, ukingo mbovu na giza.

Shirika la Afya la Dunia lilikadiria kwamba mwaka 2021 ajali za barabarani ziliua watu milioni 1.19 duniani. Katika kila 100 hao, yapata 6 walikuwa juu ya baiskeli, na 23 walikuwa wakienda kwa miguu. Afrika ina magari 3 tu katika kila 100 ya dunia, lakini ina vifo 19 katika kila 100. Karani, andika hesabu hiyo, mkaijadili baadaye.

Nilisema nitawaeleza kwa nini niliisoma barua ile mara mbili. Mimi nilikuwa na mjomba aliyekuwa akipeleka maziwa mjini kwa baiskeli, madumu mawili kila upande, akiondoka kijijini kabla ya jogoo wa pili. Mwaka 2001 aligongwa alfajiri kwenye barabara kuu. Gari halikusimama. Walioamka kwa yowe walikuta maziwa yamemwagika barabarani na baiskeli imepinda gurudumu la nyuma. Mimi nilikuwa mtoto wa shule ya msingi. Baada ya maziko babu yangu aliichukua ile baiskeli kwa fundi, akanyoosha ringi, akabadili njiti kumi na kitu, ikarudi kazini. Nilipochaguliwa kwenda sekondari ya kata nilipewa hiyo. Miaka minne nilipita asubuhi na jioni mahali pale alipofia mjomba, na kila nikifika nilipiga kengele mara moja. Hakuna aliyenifundisha. Na mpaka leo ukipita pale hutajua kwamba pametokea jambo lo lote. Kuna karavati na mgunga mmoja.

Haya, twende kwenye swali la pili.

Katika mji wa St. Louis, Marekani, mwaka 2003, mtu mmoja jina lake Patrick Van Der Tuin alishuhudia gari likimgonga mwendesha baiskeli aliyekuwa ndani ya njia iliyotengwa kwa baiskeli. Akatwaa baiskeli mbovu, akaipaka rangi nyeupe yote, mpaka mipira na mnyororo, akaisimamisha mahali pale na kibao cha kueleza kwamba hapa mwendesha baiskeli amegongwa. Akaona jambo: madereva waliokaribia pale walipunguza mwendo. Basi yeye na rafiki zake wakasimamisha nyingine kumi na tano mahali pengine penye ajali. Desturi hiyo ikasafiri, na leo baiskeli nyeupe za namna hiyo ziko kwa mamia katika nchi nyingi, Ulaya, Amerika na kwingineko. Nyeupe, kama sanda. Sijui kama wao waliwaza hivyo, lakini Mswahili akiiona hawezi kuwaza lingine.

Mwaka huo huo wa 2003, huko Dallas, pia Marekani, mwendesha baiskeli aitwaye Larry Schwartz aligongwa na kioo cha pembeni cha basi akafa. Rafiki yake, Chris Phelan, aliwaita watu waje na baiskeli, waende pamoja polepole, pasipo mtu kusema neno. Walikuja karibu elfu moja. Walikwenda mwendo usiozidi kilomita 20 kwa saa, kimya kabisa. Tangu hapo msafara huo wa kimya hufanywa kila mwaka, Jumatano ya tatu ya mwezi wa Mei, katika miji mingi ya dunia. Nguvu yake iko katika ukimya. Barabara imezoea honi na makelele. Watu mia wakipita wasiseme kitu, hata mwenye duka hutoka nje kutazama.

Tena iko siku ya wote waliokufa barabarani, wawe wa gari, wa baiskeli au wa miguu. Ilianzishwa mwaka 1993 na chama cha RoadPeace cha Uingereza, na mwaka 2005 Umoja wa Mataifa ukaikubali kuwa siku ya dunia nzima. Huwa Jumapili ya tatu ya mwezi wa Novemba.

Labda mtu wa kikundi anasema, mambo hayo ni ya Wazungu. Polepole, ndugu yangu. Tutazame nyumbani. Igoma, Mwanza, yako makaburi na mnara wa watu waliozama na meli ya MV Bukoba tarehe 21 Mei 1996, na watu huja pale kuomba dua na kuweka maua. Dakawa, Morogoro, iko kumbukumbu ya Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine mahali alipofariki kwa ajali ya gari tarehe 12 Aprili 1984. Kwa hiyo kuweka alama mahali mtu alipofia safarini si jambo geni kwetu. Tofauti ni kwamba tumewawekea walio wengi kwa mara moja, na walio wakubwa. Mtu mmoja na madumu yake bado.

Na misafara? Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, vijana walitembea kwa miguu masafa marefu kuliunga mkono. Mmoja wao, Seti Benjamin, alikufa njiani katika safari ya kutoka Arusha kwenda Dar es Salaam. Mwezi Oktoba mwaka huo Mwalimu Nyerere mwenyewe alitembea kwa miguu kutoka Butiama mpaka Mwanza. Na siku hizi wako waendesha baiskeli wanaotoka Dar es Salaam kila mwaka, wakivuka nchi ya kati mpaka kanda hii yetu ya Ziwa, wafike Butiama kwa ajili ya kumbukumbu ya Mwalimu, aliyefariki tarehe 14 Oktoba 1999. Msafara wao huitwa Twende Butiama. Huo ni msafara wa kumbukumbu kwa baiskeli, wala hatukuukopa Dallas.

Iko desturi nyingine ambayo ninyi mnaiona kila mwezi. Kijana wa bodaboda akifa, wenzake hulisindikiza jeneza kwa pikipiki zao, hamsini, mia, honi zikilia. Mimi sina ugomvi na heshima hiyo. Ni heshima ya kweli, watu hupoteza kipato cha siku nzima kumzika mwenzao. Nina ugomvi na namna inavyofanyika mara nyingine, kwa kukimbia na kupiga misele bila kofia ngumu, hata msiba mmoja ukataka kuzaa wa pili. Wangelijaribu mara moja kwenda kimya wangeliona ajabu yake.

Nirudi kwenye baiskeli nyeupe. Niliwahi kuwaeleza wanakikundi fulani habari zake, nao wakacheka sana. Mzee mmoja akasema, "Mwalimu, baiskeli hiyo ikisimamishwa hapa asubuhi, jioni utaikuta ina rangi nyingine." Tukacheka wote. Lakini mama mmoja hakucheka. Alisema kwamba kwake kuiacha baiskeli isimame na kutu wakati mtoto anatembea kilomita saba kwenda shule ni kama kumwaga chakula juu ya kaburi mbele ya mwenye njaa. Nilikumbuka ile ya mjomba, ambayo haikusimama hata mwezi mmoja. Naona yule mama alisema kweli kwa upande wetu. Mmarekani huipaka rangi baiskeli mbovu kwa kuwa kwake baiskeli mbovu imekwisha. Kwetu haijaisha.

Kwa hiyo alama yetu yaweza kuwa kitu kingine, jiwe lililopakwa chokaa, au mti. Hapa lazima niwape tahadhari ya sheria. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 imetenga hifadhi ya mita 30 kila upande, kupimwa kutoka katikati, kwa barabara kuu na za mkoa. Ndani ya hifadhi hiyo hamruhusiwi kujenga kitu bila idhini ya wenye barabara. Kijiji kikitaka kuweka jiwe, kipitishe barua kwa Afisa Mtendaji iende kwa wakala wa barabara wa mkoa, au jiwe liwekwe nje ya mita hizo. Msafara wa baiskeli nao unataka taarifa kwa polisi, na si kwa kuogopa sheria tu. Askari wa usalama barabarani akiwa mbele na nyuma ya msafara, hamtaongeza marehemu mwingine katika kuwakumbuka waliotangulia.

Wako pia wasiopenda mambo ya alama. Baadhi ya wazee huona mahali palipomwagika damu pasafishwe kwa desturi kisha paachwe, pasitajwe tajwe. Baadhi ya Waislamu hawapendi kujenga kitu cha kumkumbuka maiti. Watu hao wasilazimishwe. Ndiyo maana mimi binafsi napenda zaidi jambo lisilo na mnara, nalo ndilo kazi ya karani leo. Katika sehemu nyingi za nchi hii, zamani kila baiskeli ililipiwa leseni, ikaandikwa katika kitabu na jina la mwenyewe. Tulijua kuziandika wakati wa kutoza. Basi tuwaandike na waliokufa juu yake. Chukueni ukurasa mmoja. Andikeni jina la mtu, mwaka, mahali hasa alipogongwa, saa ngapi, na alikuwa amebeba nini. Waulizeni wajane na kaka zao kwanza kama wanakubali. Mkiandika mahali, mtaona jambo ambalo kifo kimoja kimoja hakionyeshi: labda watu wanne katika miaka kumi wamefia kwenye kona ile ile, au kwenye karavati lile lile lisilo na bega. Ukurasa huo ukipelekwa kwa diwani na kwa mhandisi wa barabara, pamoja na ombi la tuta au la njia ya pembeni ya baiskeli, ni vigumu kuujibu kwa kusema tutaangalia.

Baada ya redio kuzimwa, mwenyekiti, liulizeni kundi maswali haya. Katika kijiji chenu, ni nani aliyeleta baiskeli ya kwanza, na aliinunua kwa fedha ya nini? Ni mahali gani barabarani ambapo ninyi wenyewe, mkiwa juu ya baiskeli, mnashuka kwa hofu? Na kama mngelifanya msafara wa kimya Jumapili ile ya mwezi wa Novemba, mngelianzia wapi na kuishia wapi? Majibu yaandikwe na kutumwa kwa Mratibu wa Elimu ya Watu Wazima wa kata yenu. Nasi tutasoma baadhi yake katika kipindi.

Kikundi cha Tinde, ahsanteni kwa barua yenu. Ukurasa wangu mimi nimekwisha kuuandika: mwaka 2001, alfajiri, karibu na karavati lenye mgunga, madumu manne ya maziwa. Jina nalo nimeliandika, kwa ruhusa ya bibi yangu, lakini hilo linabaki katika daftari la kijiji.

Juma lijalo tutaeleza namna daftari la mizani la chama cha pamba lilivyosomwa. Kwaherini.